Gauni la Mteja

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Walisema hivyo kwa sababu hawakumjua Pindo. Pindo alificha uchi akazaa, tena mapacha: wa kwanza uongo, wa pili mkono uliovimba kama puto.

Pindo ni jina alilobandikwa na wateja, maana hakuna aliyekunja pindo la gauni kama yeye. Uzi wake ulijificha hata ukiutafuta kwa tochi. Alishona na shangazi yake katika chumba kimoja kilichotazama barabara, cherehani mbili zikipeana mgongo, na katikati yake sanamu ya kuvalishia nguo, haina kichwa wala mikono, ila ina kiuno ambacho shangazi alikionea wivu waziwazi. Sheria ya chumba kile ilikuwa moja tu. Nguo ya mteja huvaliwa na sanamu, kisha na mteja. "Fundi anayevaa nguo ya mteja," shangazi alipenda kusema, sindano ikiwa mdomoni, "ni sawa na mpishi anayelamba sahani ya mgeni. Hata akiifuta, imeshalambwa."

Siku ya mkasa, umeme ulikatika gauni la Mwalimu Mkuu likiwa limebaki kupigwa pasi tu. Lilikuwa la zambarau, kiuno kimebana, chini marinda tele, na mwenyewe alikusudia kulivaa siku ya kuagwa kazini. Shangazi alikuwa ametoka kutafuta vifungo. Pindo akaona alipeleke kwa dobi wa mtaa wa pili, mwenye pasi ya mkaa.

"Nikilikunja kapuni, marinda yatavurugika," alisema kwa sauti, kana kwamba sanamu ilikuwa imembishia. Basi akalivaa. Sketi na blauzi yake akazitia kwenye kapu la baiskeli, akabadilishe kwa dobi.

Marinda yalikuwa kisingizio. Ukweli ni kwamba miaka yote alishona urembo ukatoka mlangoni ukienda na watu wengine, naye akabaki na nyuzi kwenye magoti. Alitaka kujiona. Mara moja tu, kwenye vioo vya maduka. Kwa hiyo hakupita njia fupi. Akapita njia ya maduka, na kila kioo kikamrudishia mwanamke ambaye angempisha yeye mwenyewe njiani kwa heshima.

Vioo viliisha. Macho akayarudisha barabarani, baiskeli akaiendesha upande wake wa barabara, ukingoni kabisa. Hapo ndipo gari jeupe la mikate lililokuwa likija nyuma yake lilipompita nusu, kisha likakata kona kuingia uchochoroni bila indiketa, dereva simu sikioni. Ubavu wa gari ukamchota. Akasikia kitambaa kikilia kabla hajausikia mwili wake.

Alipofumbua macho alikuwa amekalia lami, mkono wa kushoto umekunjwa chini yake, gurudumu la mbele limejipinda. Na gauni la Mwalimu Mkuu lilikuwa limechanika kuanzia kiunoni hadi pajani.

"We dada, huna macho?" Dereva alikuwa ameshashuka. "Unaniingilia mbele ya gari!"

Kwenye kona palikaa fundi viatu, mzee mwenye sauti ya tarumbeta. "Kaa hivyohivyo, mwanangu! Usinyanyuke! Baiskeli iacheni palepale! Piga picha, shika namba ya gari, polisi waitwe! Na nyie mnaotazama, kaeni muwe mashahidi, sinema hii haina kiingilio!"

Maneno ya busara, kila moja. Lakini Pindo hakuwa na sikio la busara. Alichoona ni paja lake nje, watu wanakusanyika, na katikati yao huenda yumo mzazi, mwanafunzi, jirani yeyote wa Mwalimu Mkuu. Akanyanyuka kama aliyekalia kaa la moto. Akashika mpasuko kwa mkono mzima, akamtazama dereva, akasema kile alichokuja kukijutia kuliko kuanguka kwenyewe.

"Samahani, kaka. Samahani sana."

"Ee!" fundi viatu akapiga paja. "Umegongwa wewe, unamwomba radhi nani?"

Dereva naye alishangaa, lakini si mshangao wa kukataa zawadi. "Haya, siku nyingine uangalie," akasema, akapanda gari, akaondoka. Pindo akaburuta baiskeli yake vichochoroni, kichwa chini. Hakufika kwa dobi.

Shangazi alimkuta amevaa sketi yake, ameinamia cherehani, hashoni kitu.

"Mkono una nini?"

"Nimeteleza kwenye ngazi."

"Ngazi gani? Hapa hata kizingiti hatuna."

"Ngazi za... kwa dobi."

"Aha. Na baiskeli nayo ilipanda ngazi?"

Pindo alijaribu kupitisha kitambaa chini ya sindano, lakini mkono wa kushoto, ule unaokiongoza, ulikataa kufungua vidole. Jasho likamtoka. Shangazi alikwenda kwenye kiroba cha vipande, akaingiza mkono hadi begani, akatoa gauni la zambarau. Akalitandaza mezani polepole kama mtu anayemlaza mtoto. Akauangalia mpasuko, akaangalia damu kwenye marinda, akaangalia kwapani.

"Jasho," alisema. "Sanamu yetu haitoki jasho."

Pindo alitamani shangazi ampige. Kofi lingeisha upesi. Lakini shangazi aliketi tu, akavua miwani, na ule ukimya ukamvua Pindo nguo kuliko ile barabara. Ndipo akasema yote: vioo, gari, simu sikioni, samahani.

"Nitalishona upya, shangazi. Nitaliosha. Hatajua."

"Kwa mkono upi?"

Pindo akautazama mkono wake, akaanza kulia.

"Sikiliza," shangazi akasema. "Kuna makosa mawili, ukadhani ni moja. Kuvaa gauni, hilo lako. Kugongwa, hilo si lako. Wewe umeyashona pamoja kwa uzi mmoja. Yafumue. Sasa hivi unakwenda hospitali. Gauni halioshwi, haliguswi. Uchafu huo ndio mdomo wako. Kisha polisi. Lakini kabla hujalitandaza mbele ya askari, mwenye nguo alione."

"Shangazi, bora nife."

"Utakufa ukiwa umelipa aibu yako. Vaa viatu."

Hospitalini walimfunga plasta ngumu kutoka vidoleni hadi karibu na kiwiko. Mfupa ulikuwa umepata ufa. Daktari alipouliza umeumiaje, ulimi wa Pindo ulianza na ngazi, shangazi akakohoa, ngazi zikageuka kuwa gari la mikate.

Mwalimu Mkuu aliwakaribisha sebuleni kwake akiwa amevaa malapa. Pindo hakukalia kiti. Alilishika gauni mbele yake, akasema alichokuja kusema, macho kwenye zulia. Sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mtoto aliyeitwa ofisini.

Mwalimu Mkuu alimtazama toka juu hadi chini, akauliza, "Lilikukaa?"

"Shikamoo... naam, mwalimu?"

"Nimeuliza, lilikukaa vizuri?"

"Lilinikaa, mwalimu."

"Nilikupa kitambaa, binti. Sikukupa ruhusa ya kuniwahi kulivaa." Alilichukua, akagusa damu kwa ncha ya kidole. "Nina hasira na wewe, na nitakuwa nayo wiki nzima, usije ukadhani nimecheka. Nitaagwa na gauni langu la zamani, watu waseme nimefulia."

"Nisamehe, mwalimu. Nimekukosea."

"Hapo umenena." Akamrudishia gauni. "Lipeleke polisi. Lakini wakikuuliza ni la nani, usijing'atang'ate. Mimi nimeshalijua, umbea utamfikia nani tena?"

Pindo alitoka pale akiwa bado na aibu, lakini aibu hiyo sasa ilikuwa na mlango.

Kituoni walimkuta fundi viatu ameshafika. Shangazi alikuwa amempitia kumwomba. Kutoka kwenye mfuko wake mzee alitoa kiatu cheusi cha kiume, akakigeuza. Kwenye soli, kwa chaki, palikuwa na namba ya gari.

"Sikuwa na karatasi, afande. Mwenye kiatu nimemwambia soli haijakauka. Tafadhali msinichome."

Askari akacheka, akanakili. Kwa namba hiyo gari la mikate lilipatikana, na siku ya pili wote waliitwa chumba kimoja: Pindo na shangazi yake, fundi viatu, na dereva aliyenyoa ndevu, shati limechomekewa.

"Afande, mimi sina neno," dereva alisema kwa upole. "Huyu dada aliniingia kwa mbele. Na mwenyewe anajua. Aliomba samahani palepale, mara mbili, watu wanasikia. Mwenye haki huomba samahani?"

Askari akamgeukia Pindo. "Uliomba?"

"Niliomba."

"Na hili gauni ni lako?"

Damu ilimpanda Pindo masikioni. Kwenye benchi la nyuma watu waliosubiri zamu zao walinyoosha shingo.

"Si langu, afande. Ni la mteja. Nililivaa bila ruhusa."

Benchi likaangua kicheko. "Mnaona?" dereva akaruka. "Mtu mwenyewe hata nguo kaazima kwa siri! Lazima alikuwa anajitazama kwenye vioo!"

"Nilijitazama kwenye maduka," Pindo alisema. "Wewe ulinigonga baada ya maduka kuisha, kwenye kona ya uchochoro." Akalitandaza gauni mezani kwa mkono mmoja. "Afande, mimi ni fundi. Tazama rangi nyeupe hapa ubavuni. Imeanzia nyuma ikaburutwa kwenda mbele. Na mshono umevutwa kwenda mbele. Ningemwingia kwa mbele, kitambaa kingesukumwa kurudi nyuma. Alinipitia."

"Nami ndivyo nilivyoona," fundi viatu akadakia. "Simu sikioni, indiketa likizo."

Askari aliinama, akafuata rangi kwa kalamu yake. Akajikuna shingo. Kisha akakunja uso kama mtu anayetaka kuwahi chakula cha mchana.

"Jamani, tusikuze. Dada, wewe nguo ulikosea, umekiri. Dereva ana kazi yake. Ile samahani yako irudie tu hapa, yeye aseme amekusamehe, niandike mmeelewana, kila mtu aende nyumbani."

"Mimi nimeshamsamehe," dereva akasema haraka, akanyoosha mkono.

Pindo aliutazama mkono ule, kisha wake uliokufa ndani ya plasta. Aliwaza jinsi ilivyokuwa rahisi. Neno moja, na benchi lingeacha kumtazama. Nyuma yake alimsikia shangazi akivuta pumzi.

"Kwa gauni," Pindo alisema, "nimemwomba mwenye gauni. Kwa barabara siombi. Ile samahani ya kwanza nilimpa kwa aibu yangu, si kwa kosa, na sasa naifuta. Siombi leo, siombi kesho. Andika hivyo, afande. Siombi."