Vibirika vya Seline

Nilikuwa na wivu. Watu wa hapa Gatina wanasema mengine, ati ni uzee, ati ni jua la Januari lilinipanda kichwani. Waache waseme. Mwenye roho ni mimi, na kilichokuwa ndani yake nakijua.

Naitwa Mbuthia. Nauza miche na maua kando ya barabara hapa Gatina, Kawangware, na huu ni mwaka wa kumi na tisa. Hizi ghorofa za kukodisha zilinikuta hapa. Watu huniita Daktari, na si kwa kunitania. Dawa yangu ni mbolea: samadi ya mbuzi wangu mwenyewe, naiacha ioze miezi sita, halafu nailoweka kwenye pipa mpaka inakuwa nyeusi kama chai ya strungi. Ukinyweshea hiyo, hata mpini wa jembe unaweza kutoa majani.

Seline alikuja miaka mitatu iliyopita, akatandaza miche yake kando ya yangu. Zamani alikuwa akifulia nguo mama mmoja wa Kihindi upande wa Lavington. Yule mama alipohama alimwachia mmea mmoja tu, umekonda, unaning'inia kwenye kopo kama umechoka na maisha. Nilipouona nilicheka.

"Seline, hiyo nayo ni nini?"

"Ni mmea unakula nzi, Baba Tabby." Tabby ni binti yangu.

"Basi peleka kwa wauza samaki, huko utashiba."

Alitabasamu tu. Akaukata vipande, akavipanda. Na usiniulize alipanda kwa udongo gani, kwa sababu udongo hakuweka hata kijiko. Makaa yaliyopondwa, makumbi ya nazi, na yale majani laini ya kijani yanayoota juu ya mawe yenye unyevu. Mbolea hakuna. Maji ya kisima hakuna, alisema yana chumvi. Alikinga maji ya mvua kwenye paa la kanisa lililo nyuma yetu, akayaweka kwenye pipa la bluu na kulifunika kama ni maziwa. Juu akafunga neti nyeusi, pembeni akatundika magunia na kuyalowesha mara tatu kwa siku. Ukiingiza mkono mle ndani saa saba mchana, ungedhani uko kwenye baridi ya Limuru.

"Huu mmea kwao ni msituni, kwa mvua," aliniambia. "Jua la hapa nalidanganya tu."

Mimi nikangoja ufe. Haukufa. Ncha za majani zikaota mikia, mikia ikavimba, na kila mkia ukawa kibirika. Kibirika kamili, kina mdomo, kina kifuniko, chekundu chenye mistari, na maji ndani. Nzi anatua mdomoni, anateleza, kwisha habari yake. Wee! Watu walijaa. Wa bodaboda, wanafunzi, mpaka kwaya ya kanisa. Walikanyaga miche yangu ya sukuma ili wampige picha nzi akizama. Nilifoka, hawakunisikia.

Hayo ningeyavumilia. Lakini akaja Nasike.

Nasike ana nyumba ya wageni upande wa pili wa barabara kuu, na ni mteja wangu wa miaka kumi na mmoja. Kila ua lililo kwenye bustani yake nililipanda mimi. Siku moja mwezi wa Desemba aliegesha gari mbele yangu. Nikasimama, nikafuta mikono kwenye suruali. "Sasa, Daktari," akasema, akanipita kama mlingoti wa stima. Akaenda kuinama kwa Seline. Nikasikia anataka mimea mitano ya veranda, atakuja kuichukua mwisho wa Januari. Halafu akacheka, kicheko kirefu cha kutoka tumboni. Miaka kumi na mmoja, na kwangu hajawahi kucheka hivyo. Haki ya Mungu, chakula cha mchana kilinishinda siku hiyo.

Januari Seline alifiwa na kaka yake Oluoch, ikabidi aende Siaya kuzika. Alikuja kwangu asubuhi, begi begani, macho yamevimba.

"Baba Tabby, hii mitano ya Nasike nakuachia wewe. Ni maji ya mvua tu, na magunia yasikauke. Na tafadhali, mbolea hapana. Mizizi yake inaungua."

"Ni mimi wa kufundishwa mbolea?"

"Sikufundishi. Nakuomba."

"Pole sana kwa msiba. Nenda, nitaiangalia."

Niliiangalia siku mbili, na niliiangalia vizuri. Siku ya tatu Nasike akapita, akapunguza mwendo, akashusha kioo. Hakuuliza nimeamkaje. "Daktari, vibirika vyangu vinaendeleaje?" Vyangu! Nikamwambia viko sawa, akaenda zake.

Nikageuka nikaliona pipa langu la mbolea. Nikachukua mkebe. Nilijiambia hivi: mmea gani duniani haupendi chakula? Ikinawiri, watasema ni mkono wa Daktari. Ikifa, nitasema niliipa kitu bora nilichonacho, nani atanilaumu? Nilikuwa nimejipanga pande zote mbili. Lakini katikati ya hizo pande mbili, nilijua kabisa ninataka upi. Nikamimina mkebe mmoja kwa kila kopo, yote matano.

Siku ya tano kingo za majani zilikuwa za kahawia. Vifuniko vilijikunja, vibirika vikaanza kunyauka kutoka mdomoni kwenda chini. Nilikaa kwenye kibao changu nikingoja ile raha. Badala yake alikuja Annet, anayeuza soksi za mitumba hapo kando.

"Woi! Daktari, mimea ya Seline imekufia?"

Imenifia. Hilo neno sikuwa nimeliwazia. Jamaa wa bodaboda aliyekuwa akingoja abiria akadakia, "Daktari ameua mgonjwa!" Wakacheka wote. Nilimtukana, akazidi kucheka.

Lakini kuna kingine kilichoniuma kuliko kicheko. Kulikuwa na kibirika kimoja kidogo ambacho hakikuwa kimefungua kifuniko. Tangu Seline aondoke nilikuwa nakichungulia kila asubuhi kabla ya kufungua kazi, kama mtu anayemngojea kuku wake aangue. Sikumwambia mtu. Sasa kilikuwa kimekuwa cheusi, na bado kimefungwa. Mimi nimepanda vitu maisha yangu yote. Sijawahi kuua mmea kwa makusudi, na wa kwanza ukawa huo.

Nikaanza kumwagia makopo maji ya mvua ili kuosha ile mbolea. Nikamwaga na kumwaga mpaka pipa la bluu likalia kwa utupu. Juu mbinguni hakukuwa na wingu hata la kusingizia. Nikapiga simu.

Nilisikia waombolezaji wakiimba nyuma yake.

"Seline, pole kwa kukusumbua. Hii mimea... niliweka mbolea."

"Mingapi?"

"Yote. Nilidhani..."

"Baba Tabby, usiniambie ulidhani. Niko matangani." Alivuta pumzi. "Itoe kwa makopo. Osha mizizi. Weka makaa mapya, kata majani yaliyoungua, halafu funika kila mmoja na mtungi wa plastiki uliokatwa kitako."

"Maji ya mvua yameisha."

"Nenda kwa Wakarima, pale 46. Kuna mtungi wa maji ya mvua."

Akakata simu.

Wakarima anapika githeri na chapati pale kituo cha matatu cha Kawangware 46. Huyo mama hajawahi kupanda hata dania. Nilienda kwa miguu, jua linanichoma utosi, nikijiuliza maji ya mvua yamefikaje kwa mpika chapati. Nilipofika nyuma ya kibanda chake nikapata jibu. Chini ya turubai, pale mvuke wa sufuria za githeri unapopanda kutwa, ulikuwa unaning'inia ule mmea mama, ambao mingine yote ilikatwa kutoka kwake. Nilikuwa nimedhani Seline ameuuza. Ulikuwa na vibirika kumi na kimoja, vinene, vinang'aa, na nzi wa kibanda wanajipeleka wenyewe.

Wakarima hakuacha kugeuza chapati. "Karibu, Daktari. Maji yako yako hapo mlangoni."

"Seline amekupigia simu?"

"Hajapiga. Siku ile anaenda ndiyo aliniachia. Alisema pengine utakuja kutafuta maji ya mvua, nikupe, na nisikuulize kitu." Akapaka mafuta. "Alisema anaomba Mungu usije."

Damu ilinichemka. Mimi, miaka kumi na tisa! Nikamuuliza, na sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka, "Na huu mkubwa, kwa nini akuachie wewe? Wewe unajua nini juu ya mimea?"

"Sijui kitu," Wakarima akasema. "Aliniambia nisiuguse. Nami sijaugusa."

Nikabeba mtungi nikarudi Gatina.

Mimea miwili ilipona. Seline aliporudi aliishika mmoja mmoja, akaitazama. Nasike alipokuja, Seline akamwambia ni jua, jua la mwaka huu lilikuwa kali, angojee mingine mpaka baada ya Pasaka. Nilikuwa nimesimama hapo hapo. Nilitamani anitukane mbele ya watu wote kuliko kunifichia hivyo.

Pasaka ilipokaribia nikasikia anaenda tena Siaya, kwenye ibada ya kumkumbuka Oluoch. Nilinunua pipa jipya, nikaomba ruhusa kanisani, nikaliweka chini ya mfereji wa paa. Mvua za masika zilikuwa zimeanza. Ile mbolea yangu nikaihamishia mbali, nyuma ya choo, na nikanawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko.

Asubuhi ya kuondoka kwake nikawahi kufika, nikapanga nafasi kivulini ya makopo saba, ile miwili iliyopona na mitano mipya ya Nasike. Seline akatokea na mkokoteni, makopo yote yamepangwa juu, yamefunikwa gunia lililoloweshwa. Alikuwa anaelekea 46.

"Umeamkaje, Baba Tabby? Watu wa kwako wazima?"

"Wazima, Seline."

Alinisalimia vizuri kabisa. Hakusimama. Nami nilibaki kwenye kibao changu, na pipa langu limejaa maji ya mvua mpaka juu.