Jeneza la Mutwiri

Asubuhi ile ya Ijumaa watu wa marehemu Mutwiri walifika mochari moja ya Isiolo mapema kuliko walivyosema, na Mzee Ekai hakuwepo. Ekai ndiye aliyewaosha na kuwavisha maiti wote pale. Alikuwa Mturkana wa Ngaremara, mtu wa maneno machache, na jioni iliyotangulia alikuwa ameomba ruhusa akamwone mjukuu wake aliyeshikwa na homa. Kwa hiyo waliobaki kazini ni wawili tu: Kiende, mwanamke wa mapokezi, na Kirigia, mwenye mochari.

Nje ya lango magari yalinguruma bila kuzimwa. Safari ilikuwa ya kupanda mlima hadi Kibirichia, ambako kaburi lilikuwa limeshachimbwa na mahema yameshasimamishwa. Mjane wa marehemu, Karimi, alishuka akishikwa huku na huku na shemeji zake, kitambaa cheusi kichwani, macho yamemvimba kwa kulia.

Mutwiri alikuwa dereva wa pikapu ya miraa. Jumatatu, mbele kidogo ya Ngaremara, aligongana uso kwa uso na lori la mbuzi na magari yote mawili yakashika moto. Dereva wa lori aliruka akatokomea porini. Walikufa Mutwiri na mchuuzi mmoja wa mbuzi aliyekuwa ndani ya lori. Polisi wakawaleta wote wawili kwa Kirigia, nyuso zao si za kutazamwa. Mutwiri alijulikana kwa namba ya gari. Yule mwingine watu wake walikuwa hawajapatikana.

Mochari ile ilikuwa na kanuni moja ambayo Kiende alimwambia kila mfiwa: maiti hatoki mpaka mtu wa familia amtazame kwa macho yake, aseme huyu ni wetu. Lakini asubuhi ile Kirigia alikuwa na haraka. Aliingia ndani, Kiende akamfuata ili amsaidie kusukuma kitanda.

Friji ilikuwa inavuja tangu mwezi uliopita. Kiende alimwambia bosi, bosi akasema fundi atakuja kutoka Meru, na fundi hakuja. Maji yalikuwa yamelowesha vikaratasi ambavyo Ekai alivifunga kwenye vifundo vya miguu ya maiti, na majina yalikuwa yamegeuka madoa ya buluu. Maiti wawili waliozongwa shuka za aina moja walilala sambamba. Kirigia alishika kikaratasi cha kwanza, akakiacha. Akashika cha pili. Kiende aliuona mkono wake ukisita. Kisha akavuta kitanda kilichokuwa karibu na mlango.

"Bosi," Kiende alisema, "si tumwite shemeji mmoja aangalie?"

"Aangalie nini? Uso uko wapi wa kuangalia?" Kirigia hakupandisha sauti, hakuwa mtu wa kupandisha sauti. "Hawa ni wateja, Kiende, na wamelia vya kutosha. Kazi yetu ni kuwapunguzia. Hiyo ndiyo heshima ya kazi."

Alitoka akamshika Karimi mikono yote miwili, akamwambia kwa Kimeru, polepole, kwamba ni afadhali amkumbuke mumewe alivyokuwa siku aliyotoka nyumbani.

"Hata mkono tu nisimshike?" Karimi aliuliza.

"Niamini, mama."

Karimi akageuka, akamtazama Kiende, mwanamke kwa mwanamke, kama anayeomba jibu la kweli. Kiende akatikisa kichwa kukubali. Jeneza likapigwa misumari, wimbo ukaanza, magari yakaondoka.

Vumbi lao lilikuwa bado halijatua Kalicha alipoingia. Kalicha alikuwa Mborana mtu mzima, mfanyabiashara wa mifugo anayejulikana soko zima la Isiolo, na nyuma yake walikuja wanaume wa ukoo wake na sanda nyeupe mpya. Vijana wao walibaki langoni.

"Salaam aleikum, dada."

"Aleikum salaam, mzee. Karibu."

Alieleza kwamba ndugu yake mdogo, Abdirashid, alikwenda Kipsing kununua mbuzi. Huko mtandao ni wa shida, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka alipokaa kimya. Dereva wa lori alikuwa amejitokeza jana na kusema aliyekufa ni nani. "Tumekuja tumwoshe," alisema, "tumzike leo. Amechelewa sana huyu mtoto."

Kiende aliwaonyesha chumba cha kuoshea. Alisikia maji yakimiminwa na sauti za chini za dua. Halafu maji yakanyamaza. Kalicha akatoka, mikono ya kanzu imekunjwa, bado inachuruzika.

"Dada, huyu si ndugu yangu."

Kirigia alitoka ofisini mbio. "Mzee, pole sana. Moto humbadilisha mtu. Na ukiwa na uchungu, macho nayo..."

"Ndugu yangu aliumwa na nyoka akiwa mtoto," Kalicha alisema. "Wakamkata vidole viwili vya mguu wa kushoto. Huyu anavyo vyote. Ajali inaua mtu, bwana. Haimwoteshi vidole."

Kirigia akamwashiria Kiende waingie ofisini, akafunga mlango.

"Namba ya yule mjane unayo?"

"Ninayo."

"Usiipige. Hapa wateja wanapewa habari na mimi peke yangu, hilo unalijua tangu siku ya kwanza."

"Lakini bosi, wanazika leo."

"Najua wanazika leo. Wacha nizungumze na wakili kwanza."

Kiende akarudi kwenye meza yake. Alikuwa amehudhuria mazishi mengi ya kwao huko juu na alizijua hatua zake zote. Sasa wanafika. Sasa jeneza linawekwa chini ya hema. Sasa wanasoma maisha ya marehemu. Sasa wakwe, sasa diwani ambaye hatataka kuachia kipaza sauti. Akamwombea huyo diwani, yeyote awaye, azungumze sana. Kupitia mlangoni aliisikia sauti ya Kirigia kwenye simu, tulivu, mara moja hata ikicheka kwa adabu.

Kalicha alikuja akasimama mbele ya meza. "Dada, wamempeleka wapi?"

"Bosi anashughulikia, mzee."

Hayo ndiyo maneno aliyofundishwa. Alikuwa ameyasema mara nyingi kuhusu mambo madogo madogo, umeme ukipotea, gari likichelewa. Sasa aliyasema akaona aibu kuinua macho.

Si kwamba hakuwa na moyo. Kirigia alimwajiri alipokuwa na mtoto mchanga mgongoni, bila kumuuliza baba wa mtoto ni nani, wakati ambapo hata kanisani watu walikuwa wanamkwepa. Mtu wa namna hiyo humpingi hivi hivi. Alijiambia: akitoka tu ofisini, nitamsihi. Lakini Kirigia hakutoka. Jua likapanda hadi utosini, watu wa Kalicha waliokaa ukutani wakasogea wakitafuta kivuli, na Kiende akainuka, akaingia chooni, akapiga namba ya Karimi.

Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Mara ya tatu ikapokewa na mwanamume, nyuma yake watu wanaimba.

"Ni Kiende wa mochari. Tafadhali, mmeshazika?"

"Tumemaliza sasa hivi, dada. Watu wanaweka maua. Kuna kitu tumesahau huko?"

Kiende aliegemea ukuta. "Hapana," alisema. "Ni mambo ya ofisi tu. Bosi atawapigia."

Alasiri afisa wa polisi akaja, akaketi na Kirigia na Kalicha ofisini. Kiende aliitwa alete maji ya kunywa, akaambiwa abaki. Kirigia alikuwa ameshapanga maneno yake. Ni kosa la kusikitisha, alisema, na mochari inaomba radhi kwa familia zote mbili. Maiti hutolewa na mhudumu, Mzee Ekai, naye amezeeka na tena anapenda chupa. "Nilikuwa nafikiria kumpumzisha. Au sivyo, Kiende?"

Wote watatu walimtazama. Kiende alishikilia trei tupu kifuani. Hakusema ndiyo. Hakusema lolote, na kunyamaza kwake kukahesabiwa kuwa ndiyo.

Ekai alikuwa hata hajui kumetokea nini. Alirudi kutoka Ngaremara akashuka stendi, akaja kwa miguu na koti lake la kazi begani. Dirisha la ofisi lilikuwa wazi na vijana langoni walikuwa wameshalisikia jina lake. Walipomuuliza kama yeye ndiye Ekai, aliitikia. Kalicha aliposikia kelele alitoka mbio akiwapigia ukelele kwa Kiborana wamwache, akawavuta mashati, akampiga mmoja kofi. Walimwacha. Lakini jiwe lilikuwa limeshampata mzee usoni.

Kiende alipiga magoti karibu naye. Ekai alikuwa amefunika jicho la kulia kwa kiganja na damu inapita katikati ya vidole. Hakulia, wala hakuuliza amekosa nini. Alisema tu, "Mtoto amepata nafuu," kana kwamba Kiende alikuwa amemuuliza habari za mjukuu.

Ndipo Kiende alipoinuka akarudi ofisini.

"Afande," alisema, "Mzee Ekai leo asubuhi alikuwa Ngaremara. Aliyemtoa maiti ni bosi. Vikaratasi vilikuwa vimelowa, akachagua tu. Familia haikuonyeshwa. Mimi nilikuwa nimeshika kitanda upande wa pili."

"Kiende," Kirigia alisema kwa sauti ileile ya upole, "fikiria vizuri unachosema."

"Nimechelewa kufikiria, bosi."

Kalicha, aliyekuwa amesimama mlangoni na vumbi kanzu nzima, hakumshukuru. Alimuuliza tu, "Na mimi nilipokuuliza wamempeleka wapi, ulikuwa unajua?" Kiende akasema alikuwa anajua.

Kilichofuata kilikwenda polepole, kama mambo ya serikali yanavyokwenda. Kaburi halifukuliwi bila amri ya mahakama, na amri ilisubiri hakimu, na hakimu alisubiri karatasi. Siku zote hizo Kalicha na watu wake walikuja kila asubuhi wakakaa nje ya lango, bila matusi, bila mawe, wakitazama tu. Ekai alipelekwa hospitali, na jicho halikuokolewa. Kirigia alishtakiwa akatoka kwa dhamana, akatengeneza friji, akafungua mochari tena, kwa kuwa watu hawaachi kufa na mji hauna mochari nyingi. Kiende alifutwa kazi kwa kutoa siri za ofisi. Sokoni mwanamke mmoja wa kanisa lake alimwambia mbele ya watu, "Umemuuza mtu wa kwenu." Kiende akalipa nyanya zake akaondoka.

Siku ya kufukua alipanda Kibirichia bila kuitwa. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka migombani na udongo mwekundu uliganda kwenye viatu. Kalicha na ndugu zake walisimama upande mmoja, watu wa Mutwiri upande wa pili, polisi katikati. Jeneza lilipopanda, maua yaliyozikwa nalo yalikuwa bado yamegandamana na kifuniko, yameoza. Kalicha aliinama, akatazama miguuni kwanza. Akafunika uso kwa mikono. Ndugu zake wakamtoa Abdirashid, wakamfunika sanda yao, wakashuka naye upesi kuelekea Isiolo.

Kisha Mutwiri akatolewa kwenye gari. Shemeji zake Karimi walimzuia tena, kwa upendo tena, wakimwambia asitazame. Karimi akawaondoa kwa viwiko. Alifunua shuka mwenyewe, akatazama muda mrefu. Akautafuta mkono wa mumewe, akaushika, akakaa nao.

Baadaye alikuja mpaka pale Kiende aliposimama, kando ya ua.

"Ulijua kabla hatujazika, au baada?"

"Kabla," Kiende alisema.

Karimi aliitikia kwa kichwa. Hakuonekana kushangaa.

"Shemeji aliniambia umepiga simu," alisema. "Nilidhani ulipiga kutupa pole. Nikamwambia, wale watu wa mochari wana utu."

Kiende alikuwa amebeba maneno mengi kutoka Isiolo. Karimi hakuyasubiri. Alirudi kaburini, ambako wanaume walikuwa wanaanza kurudisha udongo kwa majembe, wakifanya haraka kwa sababu mvua ilikuwa inakuja. Hakuna aliyemwambia Kiende aondoke, wala hakuna aliyemkaribisha nyumbani. Alisimama palepale mpaka wakamaliza.