Mapafu ya Bi Mwantumu Kwenye Foleni

Usiku wa kuamkia leo niliota nimekuwa kifurushi cha data. Sikushangaa. Miaka kumi na moja nahudumia mtandao wa hospitali. Siku moja ungenimeza tu.

Niko kwenye foleni mbele ya Ruta, kile kifaa kinachoelekeza data mtandaoni. Amevaa suti, ameshika mhuri. Haulizi mtu amebeba nini. Anauliza swali moja.

"Umepitia njia gani?"

Mbele yangu yamesimama mapafu mawili ndani ya kanga moja iliyoandikwa *Japo sipati tamaa sikati*.

"Sisi ni picha ya eksirei ya Bi Mwantumu," yanasema, yakikohoa kwa adabu. "Daktari bingwa anaondoka saa sita. Asipotuona, mama atapasuliwa kwa kubahatisha."

"Sikuuliza hayo. Njia gani?"

"Zahanati ya Kwemsala."

Mhuri unagonga: daraja la mwisho. "Kaeni pale."

Pale ni chumba nilichosomea darasa la tatu. Majibu ya vipimo vya damu yamelalia madawati. Saa ya ukutani ni sita kasorobo.

Linaingia jitu la kitambi, linatafuna bisi. Ni tamthilia, sehemu ya arobaini na mbili.

"Nyumbani kwa Mkurugenzi Shelutete," linasema hata kabla ya kuulizwa.

Ruta anainuka, anafuta kiti kwa tai yake. Daraja la dhahabu. Nyuma ya jitu inakuja sehemu ya arobaini na tatu, nayo inapiga miayo.

"Mpumbavu gani ameandika sheria hii?" nauliza.

Ruta ananisogezea karatasi. Mwandiko ni wangu, na doa la chai yangu lipo. Niliiandika siku Mkurugenzi wa hospitali alipolalamika kuwa tamthilia anayoangalia nyumbani kwa mtandao wetu inakwamakwama. Nilimwambia, "Nimekuelewa, mzee," tena nikamshukuru. Kwemsala hakuna wa kunifukuza kazi, nikaitupa mkiani. Nilijidharau.

"Mwanangu," mapafu yananiuliza, "wewe umepitia njia gani?"

Nikaamka.

Saa mbili nilikuwa ofisini, sijanywa hata chai. Kweli, picha ya Kwemsala ilikuwa imekwama tangu jana. Nikaifuta sheria, picha ikapita. Baadaye daktari bingwa akapiga simu.

"Imefika, ndugu yangu. Mama hapasuliwi, dawa zinatosha. Ila mapafu haya mbona yamevaa kanga? Chini ya mbavu pana maandishi, ngoja nikusomee."

"Usinisomee, daktari," nikamwambia.