Dada Alijua

Zamani fundi cherehani yule alikuwa mcheshi, mtu wa kuvunja mbavu za karakana nzima ya sare za shule. Alipojifungua mtoto wa tatu, mambo yakageuka. Akicheka, mkojo unamtoka. Akikohoa, vilevile. Akiinua robota la kitambaa, anahisi kitu kinamshuka huko chini, kama yai linalotaka kumponyoka. Basi akajinyamazia. Wenzake, wasiojua lililomsibu, wakambandika jina: Bi Nuna.

Akawa anashinda na kiu ili asivuje, na kila akiinuka kwenye cherehani anapitisha kiganja kwenye kiti. Mumewe alichukua mto wake, akahamia chumba cha watoto bila neno.

Dada yake mkubwa ndiye aliyesema. Siku anamwoza binti yake, mbele ya wakwe, alikunja pua. "Mdogo wangu, si ungeoga kwanza? Maji yamekwisha kwako?" Wageni wakaangua kicheko. Fundi akaondoka na njaa yake, na shughuli za ukoo akazipa kisogo.

Miaka ikapita. Kilichomfikisha kliniki ni homa, na mkojo uliomchoma kama pilipili. Daktari, mwanamke asiye na haraka, akampa dawa ya maambukizi, kisha akampima kwa ndani.

"Kizazi kimeshuka, mama, na kibofu kimelegea. Wengi wanalo hili."

"Lina dawa?"

"Tunaweka pete laini ya mpira humo ndani, inakishikilia. Nitakufundisha na mazoezi ya kukaza misuli ya huko chini. Yakishindikana, upasuaji upo. Na unywe maji!"

Pete ikawekwa upesi kuliko kupinda ukosi. Akaambiwa akohoe. Akakohoa, pakavu. Badala ya kushukuru, akalia kwa uchungu. Kumbe ni hiki tu?

Alipotoka, nesi alikuwa akimwita anayefuata: "Mama wa kusafishiwa pete, karibu!" Aliyeinuka kwenye benchi ni dada yake.

Wakatazamana.

"Tangu lini?" fundi akauliza.

Dada akainamisha kichwa. "Kabla ya ile harusi."

"Ukanicheka, na dawa unaijua?"

"Ningekwambia, ungejua na mimi navuja. Nina wakwe, mdogo wangu. Nina jina."

"Na mimi walinipa jina. Unalijua."

Dada akamshika mkono. "Nisitiri. Usinitangaze."

Fundi akauchomoa mkono wake. "Sikutangazi. Ila binti yako uliyemwoza kajifungua juzi, na amezaa kwa taabu. Utamwambia ajichunge?"

Nesi akaita mara ya pili. Dada akaingia, mlango ukafungwa.

Fundi hakumsubiri. Alikwenda moja kwa moja kwa yule binti, akamkuta kitandani ananyonyesha, akavuta kigoda karibu.

"Mwanangu," akamwambia, "mama yako ana la kukwambia. Ameshindwa, basi nisikilize mimi."