Darubini ya Mara Ishirini

Mume wangu ni fundi saa, na mafundi saa wana ugonjwa mmoja: wanaamini kioo kinachokuza zaidi ndicho kioo bora. Kwa hiyo wifi yangu alipotualika tujiunge na kikundi chao cha kutazama ndege kila Jumapili asubuhi, akatuambia tutafute darubini ya bei nafuu ya mara nane, inayowafaa wanaoanza, mume wangu alicheka. Mara nane? Hata kile kilenzi anachobandika jichoni akifungua saa kinakuza kuliko hivyo. Dukani tulikuta ya mara ishirini, na cha ajabu tuliimudu. Nilimkumbusha maneno ya dada yake. Akanijibu kwamba dada yake anafundisha watoto wa chekechea, mambo ya vioo awaachie wenye vioo. Tukaondoka nayo, nzito kama tofali, naye njia nzima anaupapasa mfuko. Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Jioni ile alitoka nayo uani kumtazama mnana aliyekuwa akisuka kiota kwenye mti wa jirani. Mimi nilikuwa naanua nguo. Alitazama, akaishusha, akafuta vioo, akatazama tena. Kisha akaingia ndani, akaiweka juu ya kabati. Nilipomuuliza habari za ndege alisema amemwona, basi.

Tangu hapo mtu wangu akabadilika. Aliwarudishia wateja saa zao ndogo za kike akidai vipuri havipatikani. Saa yangu mwenyewe, aliyokuwa ameifungua mezani, aliifunika na hakuigusa tena. Jumapili ilipofika alisema kichwa kinamuuma, nami nikaanza kununa, maana viatu vya kutembelea nilikuwa nimeshanunua. Nilipomletea chai akaniambia, bila kuniangalia, kwamba siku nyingine nimtilie nusu kikombe.

Hapo kununa kote kukanitoka, nikaogopa. Katika familia ile nusu kikombe si jambo dogo. Baba mkwe wangu naye alikuwa fundi saa, tena fundi hasa, mpaka mikono ilipoanza kumtetemeka. Chai tulimtilia nusu, na bado ilimwagika mpaka kisahani kikajaa; mwishoni hakuweza kushika hata kijiko. Alikufa akiwa ameiacha meza yake ya kazi miaka mingi, na mume wangu ndiye aliyekuwa akimnywesha.

Nilijikaza kisabuni, nikakaa mbele yake, nikamwambia sitaondoka mpaka aseme.

"Mikono imeanza," alisema. "Kama ya baba."

Akanieleza. Akiwa mezani haoni mtetemeko wowote, lakini siku ile uani mnana alicheza, mti ulicheza, hata ukuta wa jirani ulicheza. Mikono ikiwa hewani, ndipo inapomuumbua. Niliichukua ile darubini, nikatoka nje kujionea. Mti ukacheza. Nikarudi mbio kumwambia kwamba hata mimi unanichezea, naye akanitazama kwa huruma, kama mimi ndiye mgonjwa. Akasema nisimbembeleze, na kwamba tangu anioe hajaniona nimeshika kitu kikatulia. Hasira zikanipanda, zimechanganyika na hofu. Nilimwambia avae viatu, tunakwenda kwa dada yake.

Wifi anakaa ghorofani, na roshani yake inatazamana na nyaya za umeme ambako shomoro hukaa kutwa. Alitusikiliza mpaka mwisho. Hakucheka, kwani na yeye alimtilia baba yake chai nusu. Halafu akaomba aione hiyo darubini. Aliigeuza, akasoma namba iliyoandikwa karibu na kioo, na hapo ndipo alipocheka mpaka akatafuta kiti.

"Kaka, hii inamkuza ndege mara ishirini, na mtikisiko wa mkono inaukuza vilevile," alisema. "Hakuna mkono wa binadamu utakaotulia humu. Hizi hufungwa kwenye stendi ya miguu mitatu."

Mume wangu ni mbishi hata katika habari njema. Alisema mkono wake haujawahi kutikisika mezani, hata kwenye skrubu isiyoonekana kwa macho.

"Na viwiko unaviweka wapi?"

"Mezani."

"Basi huku nje hakuna meza."

Akamletea darubini yake mwenyewe, ya mara nane, nyepesi, ya bei rahisi kuliko yetu, mkanda wake umetolewa kwenye mkoba wa zamani. Alizikunja chini zile raba za machoni, akaeleza kwamba mvaa miwani kama kaka yake asipozikunja ataona kitundu tu. Mume wangu aliipokea, lakini hakuinyanyua. Nilimwelewa. Kabla hajatazama, bado alikuwa na tumaini. Akitazama na ndege akacheza, limekwisha. Nilimshika mgongoni, na nafsini mwangu nilikuwa naomba kuliko nilivyowahi kuomba.

Akainyanyua. Mimi sikumtazama ndege, niliitazama mikono yake.

"Ametulia," alisema polepole. Kisha, "Ana unyasi mdomoni. Amekosa pa kuushikia, anaugeuza." Akaendelea kutueleza ndege yule kama anayefungua saa, manyoya ya shingoni, kucha, jicho, sauti ikizidi kupanda, na machozi yakimtiririka chini ya miwani asiyafute, kwa sababu hakutaka kuishusha darubini. Nikakaa palepale sakafuni, nikicheka peke yangu. Sikumbuki kama nimewahi kufurahi hivyo kwa ajili ya shomoro.

Wifi alileta chai. Kwa mazoea ya nyumba ile, na kwa hofu tuliyokuja nayo, kikombe cha kaka yake alikitia nusu. Mume wangu akakiangalia.

"Jaza," alisema.

Wifi akajaza mpaka ukingoni. Mume wangu akakichukua pamoja na kisahani chake kwa mkono mmoja, darubini bado inaning'inia shingoni, akavuka roshani yote mpaka pale nilipokaa, akainama, akanipa mimi. Nilitazama kisahani. Kilikuwa kikavu.