Ndoo ya Maji ya Chumvi

Taa zilizimika nikiwa katikati ya ubeti wa tatu, nimepiga magoti mbele ya watu mia mbili, nikimwomba msamaha mwanangu wa kwenye igizo. Ilikuwa alasiri, lakini tulikuwa tumeziba madirisha kwa mablanketi, na giza likatufunika. Ukumbi haukushtuka. Huo ulikuwa mwaka 1994, mwaka wa mgao wa umeme, na watu wa Usa River walikuwa wamezoea kumalizia hata harusi gizani. Mtu akasema, "Wamekata tena hao," wengine wakacheka, na kwaya nyuma yangu ikaendelea. Nami nikaimba.

Nilikuwa na miaka arobaini na saba. Kiwanda nilichokuwa fundi umeme kilikuwa kimeuzwa, tukapewa barua, tukaambiwa twende nyumbani. Nikaanza masomo ya jioni kwenye shule ya karibu, katika madawati yaliyonibana magoti. Kila jioni kabla ya kufungua daftari niliinamisha kichwa, nikamwomba Mungu asiniache nife nikiwa sijui.

Shule ilikuwa na kikundi cha maigizo ya kuimba, na kwa sababu ya ufundi wangu nilikabidhiwa taa za jukwaa. Kifaa cha kufifisha mwanga hatukuwa nacho, nikatengeneza mwenyewe: ndoo ya plastiki yenye maji ya chumvi na vipande viwili vya bati, kimoja chini, kingine kikining'inia kwa kamba. Umeme wa taa ulipita kwenye maji hayo. Ukishusha bati la juu taratibu, mwanga unapanda kama asubuhi inavyoupandia Mlima Meru. Ukiligusa, umeme unakuua.

Miaka miwili niliwaangazia wengine. Kisha Mwalimu Magdalena, aliyeongoza kikundi, akanisikia nikiimba peke yangu huku nakunja nyaya.

"Baba Anande," alisema, "baba wa igizo ni wewe."

Ningeweza kukataa. Lakini nilitaka, mara moja tu, watu wanione usoni.

Uwesu, kibarua wa shamba la maua aliyekaa nami dawati moja, akajitolea kushika kamba.

"Kushusha bati nako kunataka cheti?" alinitania. "We nenda kaimbe, mzee. Ila usije ukalia kweli, tukashindwa kukunyamazisha."

Wiki mbili za mazoezi, umeme haukuwako hata siku moja. Tulijizoeza kwa taa za chemli, yeye akishusha bati lililokufa, akihesabu hadi kumi. Bati lile lilikuwa na tabia ya kunasa ukingoni mwa ndoo. Kila liliponasa, alilisukuma kwa kidole.

"Siku yenyewe usiguse," nilimwambia.

"Najua, mzee."

Nikarudi kukariri maneno yangu, nikamwacha alisukume tena na tena. Mdomo wangu ulimfundisha jambo moja, kidole chake kikajifunza jingine.

Siku ya onyesho umeme ulikuwako. Tulimshukuru Mungu kwa sala, na sala hiyo niliiongoza mimi.

Sasa, gizani, magoti yangu bado sakafuni, niliisikia mashine ya kusaga ya ng'ambo ya barabara. Ilikuwa ya umeme. Umeme ukikatwa, hiyo ndiyo hunyamaza kwanza. Ilikuwa ikiunguruma vilevile.

Fundi yeyote angejua. Nami nilijua. Zilizokuwa zimezimika ni taa zetu tu. Lakini ubeti ulikuwa haujaisha, ukumbi mzima ulikuwa umetulia kwa ajili yangu, na sauti yangu ilikuwa haijawahi kuwa nzuri kiasi kile. Nikaumaliza. Watu wakapiga makofi gizani.

Ndipo nikakimbilia nyuma ya pazia, nikapapasa ukutani, nikazima swichi kubwa. Mtu akaleta chemli. Ndoo ilikuwa imepinduka, na Uwesu alikuwa amelala ndani ya maji yake, macho wazi.

Siku ya nne baada ya mazishi nilikwenda kijiji cha Maji ya Chai kumpa pole mkewe, Faudhia. Alinitandikia mkeka, akaketi akinyoosha pindo la kanga yake. Kisha akaniuliza swali moja.

"Baba Anande, alikaa pale muda gani kabla hamjamfikia?"

"Hakukaa, mama Zamda. Taa zilipozimika tu, nilikimbia."

"Alhamdulillahi," alisema, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru kwa kukimbia.