Zamu ya Jumatano

Mume wangu Mutea alikuwa mheshimiwa miaka mitano tu, na mkulima wa vitunguu maisha yake yote. Wanaomwita mheshimiwa leo, kwa vile amekufa, ndio hao hao waliomwita msaliti. Wacha niseme tu.

Shamba letu liko chini ya Chechelesi, na maji yanatoka mtoni kwa mfereji, kila shamba na siku yake. Zamani mfereji ulifungwa kila Jumatano ili mto uteremke mpaka Ngaremara, ng'ombe wa wafugaji wanywe. Haikuandikwa popote. Kila mtu alijua.

Abduba ni mfugaji wa huko chini, rafiki ya Mutea tangu ujana. Mutea alipogombea kiti cha wadi, Abduba alizunguka maboma yote akimwombea kura. Bila yeye, mume wangu asingeliona bunge la kaunti hata kwa dirisha.

Basi akaingia, na mswada wake wa kwanza ukawa wa mifereji, ili wakulima waache kutishana na majembe. Aliuandika kama mkulima. Alihesabu mashamba, akagawa siku zote saba, na Jumatano ikatuangukia sisi. Hata mimi nilifurahi, Mungu anisamehe. Hakuna aliyekumbuka kwamba Jumatano ilikuwa na wenyewe.

Ukame ulipokuja, ng'ombe kumi na mmoja wa Abduba walikufa kando ya mto mkavu. Mutea alienda kumpa pole. Hakukaribishwa hata chai. Abduba alimwuliza jambo moja tu.

"Mutea, ulinisahau?"

Alirudi nyumbani, akakaa jikoni, akalia. Nilikuwa sijawahi kumwona akilia.

Akarudi bungeni kuibadilisha sheria yake. Wakulima wenzetu wakasema wafugaji wamemnunua. Mswada ukaangushwa, na uchaguzi uliofuata yeye pia akaangushwa. Tangu hapo, kila Jumatano, siku yetu, alikuwa anaziba mdomo wa mfereji na magunia ya mchanga, maji yote yabaki mtoni. Vitunguu vyetu vikawa vinakauka. Nilimgombeza sana, sitadanganya. Nilimwambia huyo Abduba hata salamu yako haitikii, na kwa Mwislamu hilo si jambo dogo. Akasema hafanyi hivyo ili aitikiwe.

Miaka minne. Abduba akipita na ng'ombe, Mutea anamwambia salaam aleikum, mwenzake anatazama mbele.

Tulimzika Jumatano, hapo hapo shambani. Asubuhi, kabla jeneza halijafika, nilienda mwenyewe nikaziba mfereji kama alivyokuwa akifanya. Magunia yale ni mazito, jamani. Sikuwahi kumsaidia hata siku moja.

Watu walipotawanyika nilisikia maji. Nikakimbia kuangalia ni nani ametoa magunia yangu, nikiwa na matusi tayari mdomoni. Nikamkuta Abduba, kanzu ameikunja hadi magotini, jembe la Mutea mkononi, anaongoza maji kwa vitunguu, tuta baada ya tuta. Hajui kulima. Alikuwa anamwaga maji kila mahali.

Nikamwuliza ng'ombe wake watakunywa nini.

"Leo watangoja," akasema. "Leo ni zamu yake."

Alipomaliza tuta la mwisho aliweka jembe chini, akaenda akasimama kaburini na matope miguuni.

"Aleikum salaam, Mutea," akasema.